Mwezi Mmoja na Wageni wa Hema pale Liuli

Wengi wenu mliniuliza mwaka jana, "Mwalimu, mwezi wa sita ulikuwa wapi? Darasa lako lilishikwa na mwingine, na kahawa yako ilichumwa na mama watoto peke yake." Naliwajibu kwa maneno machache njiani, maana habari yenyewe haikufaa kusemwa kwa haraka, tena sehemu yake moja yanitia haya hata leo. Sasa nimeketi niiandike yote kwa taratibu, ili waalimu wanaowapeleka watoto ziwani, na wazazi wanaowaruhusu kwenda, wapate faida.

Mwezi ule nalikuwa Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, nikiwa mwenyeji wa wageni wanaolala katika hema. Sikuajiriwa wala sikulipwa. Siku za likizo vikundi vya vijana na wanafunzi hushuka kutoka Umatengo na Songea kwenda kuliona ziwa, na kupaona mahali palipopigwa mizinga mwaka 1914. Tena hupita wasafiri wachache kutoka nchi za mbali, wenye baiskeli na magari. Jamaa zangu wa pale waliona ya kuwa wageni hawa hufika bila kujua pa kulala, pa kuteka maji, wala pa kutupa taka, ndipo wakaniomba nishuke mwezi mmoja niwapokee. Walinichagua kwa sababu nimezoea kusema na waalimu, na kwa sababu napenda kusoma habari za kale. Nikakubali kwa furaha, nikidhani kazi ni nyepesi. Nalisema moyoni, "Kumkaribisha mgeni ni nini? Ni kutabasamu na kumwonyesha njia."

Naliondoka Maguu saa kumi na moja alfajiri, na kijana wangu wa pili akanisindikiza mpaka Mbinga. Mwezi wa sita huku kwetu ni baridi kali. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, na ngoro zetu zilionekana milimani kama sega la nyuki. Wasomaji wa mbali wasiozijua ngoro wafahamu kwamba ni mashimo ya mraba tunayoyachimba ubavuni mwa mlima, na mazao hupandwa katika kingo zake. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni, hayapati nguvu ya kuuchukua udongo. Wazee wetu waliivumbua kazi hii zamani sana, na kwa sababu yake tunalima milima mikali ambayo mtu mgeni angesema haifai hata kwa mbuzi.

Kutoka Mbinga nalishika barabara ya Mbamba Bay. Ni kilometa 66, na sasa ina lami. Wakubwa watakumbuka jinsi safari hiyo ilivyokuwa zamani wakati wa masika, magari yakikwama katika tope na abiria wakisukuma. Barabara hushuka na kushuka. Masikio yaliziba, kisha joto likaanza kupanda kutoka chini, nikavua koti, halafu nikavua na sweta. Hata tulipopinda mahali fulani nikaona rangi ya buluu mbele yetu, nikadhani ni mbingu. Kumbe ni ziwa.

Ziwa hili lina urefu wa kilometa 580 hivi, na kina chake mahali penye kina kikubwa ni mita 700 hivi. Limezungukwa na nchi tatu, yaani Tanzania, Malawi na Msumbiji. Uso wake uko mita 475 hivi juu ya bahari, na kwa hiyo ufukoni kuna joto na mbu wengi kuliko kwetu. Sehemu ya ufuko iliyokuwa chini ya Mbinga ilifanywa wilaya yake yenyewe mwaka 2012, ikaitwa Wilaya ya Nyasa, na makao yake makuu ni Mbamba Bay. Pale nalipanda gari jingine kuelekea kaskazini, nikafika Liuli jua likikaribia kuzama.

Liuli ni ghuba iliyotulia. Mbele yake, ndani ya maji, limesimama jiwe kubwa ambalo wenyeji huliita Pomonda. Mtu aliye ufukoni huliona karibu kuliko lilivyo. Maneno haya myaweke moyoni, maana nitayarudia. Wazee husimulia ya kwamba zamani za vita vya Wangoni watu walivuka wakajificha katika jiwe hilo. Wajerumani walipokuja walisema linafanana na Sphinx, ile sanamu ya kale ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, nao wakaiita bandari Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx. Nami nalilitazama jioni ile jua likiwa nyuma yake, nikaona kweli lafanana na simba aliyelala akitazama.

Sasa niwaambie habari ya mwaka 1914, maana ndiyo wageni wengi huiuliza. Wajerumani walikuwa na meli yao katika ziwa hili, jina lake Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikaungwa huko na kushushwa majini mwaka 1893. Waingereza walikuwa na yao, jina lake Gwendolen, iliyoshushwa mwaka 1899. Nahodha wa Kijerumani aliitwa Berndt, na wa Kiingereza Rhoades. Watu hawa wawili walikuwa wakijuana, na husimuliwa kwamba walikuwa wakinywa pamoja wakikutana bandarini. Uingereza ilipotangaza vita tarehe 4 Agosti 1914, habari ilifika upesi kwa Waingereza wa kusini ya ziwa. Lakini pale Liuli haikufika. Meli ya Wajerumani ilikuwa imevutwa nchi kavu itengenezwe, na mafundi walikuwa kazini kama siku zote. Tarehe 13 Agosti Gwendolen ikatokea ghubani, ikaanza kupiga mizinga. Berndt akaingia katika mashua ndogo, akamwendea rafiki yake kwa hasira, akitaka kujua kama amerukwa na akili. Ndipo akaambiwa ya kuwa kuna vita, naye ni mateka. Wengi huvihesabu vita hivyo kuwa vya kwanza vya majini katika vita vikuu vile. Mwezi wa Mei 1915 Waingereza walirudi tena, wakapigana na askari waliokuwa ufukoni, wakaiharibu meli zaidi.

Pale Liuli pia liko kaburi la Padre William Percival Johnson wa misheni ya U.M.C.A., aliyetumika kando ya ziwa hili zaidi ya miaka arobaini, macho yake yakiwa karibu na upofu, akafa pale mwaka 1928. Wageni wengi huomba kupelekwa kaburini, nami naliwapeleka.

Basi kazi yangu ilikuwa hivi. Nalipewa kibanda cha makuti, taa ya nguvu za jua, ndoo mbili, reki na daftari. Asubuhi saa kumi na mbili nalifagia ufuko, nikaokota chupa na mifuko. Kisha nalichemsha maji ya kunywa kwa wale wasio na sufuria. Mgeni akifika nalimwandika jina katika daftari, nikamwonyesha pa kusimamisha hema: juu ya mstari wa mawimbi, mbali na matete, wala si chini ya mwembe wenye matawi makavu. Nalimwonyesha choo, na mahali pa moto, na kuni ambazo zimenunuliwa, ili asiende kukata miti ya watu. Wengine walitaka kuandika majina yao juu ya mawe kwa misumari. Naliwazuia kwa upole. Jioni saa moja naliwasha moto mkubwa, na kila aliyetaka aliketi asikie habari za mahali. Saa nne kelele zilikoma, maana wavuvi wanaolala karibu huamka usiku.

Wageni nao ni wa namna nyingi. Mmoja huleta redio, naye adhani kila mtu apenda nyimbo zake. Mwingine huogopa kila mdudu. Usiku mmoja wale inzi wadogo wa ziwani waitwao nkungu walifika kama wingu la moshi kutoka majini, na mgeni mmoja akapiga kelele kwamba ziwa linaungua. Wenyeji walicheka wakatoka na vikapu, maana wako wanaowakusanya na kuwala. Mwingine ni mkimya, huketi tu akitazama maji, na siku ya kuondoka hukushika mkono kwa muda mrefu bila neno. Huyo naye amepata alichokijia.

Katika juma la pili akafika mama mmoja mzee kutoka Marekani, mwenye mvi, aliyekuwa mwalimu katika nchi yetu ujanani mwake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Aliponiona na reki yangu akacheka, akasema, "Mwalimu, mimi nami nalifanya kazi hiyo hiyo!" Akanieleza ya kuwa kwao ni desturi: watu waliostaafu huenda kukaa mwezi mmoja au zaidi katika hifadhi za serikali, hupewa mahali pa kuweka gari lao la kulala bila malipo, nao huwapokea wageni, hufagia, huuza kuni na kueleza njia. Yeye alikuwa amekaa katika hifadhi ya Fort Stevens, jimbo la Oregon, mahali Mto Columbia unapoingia baharini. Ilikuwa ngome ya kale, iliyojengwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tarehe 21 Juni 1942 manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga mizinga usiku, lakini hakuna aliyekufa, na mkuu wa ngome alikataza askari wake kujibu, ili adui asijue walipo. Tena ufukoni pake yako mabaki ya jahazi la chuma liitwalo Peter Iredale, lililopanda mchangani mwaka 1906, na watoto hucheza kati ya mbavu zake. Tulistaajabu wote wawili kuona jinsi mahali pawili palipo mbali hivi panavyofanana.

Nikamwuliza, "Mama, katika kazi hiyo, neno gani lilikuwa gumu?" Nalidhani atasema kufagia vyoo. Akajibu, "Kuwaambia watu habari wasiyotaka kuisikia. Kila jioni nalipita hema kwa hema, nikawaambia bahari ya kesho itakuwaje. Wengine walikasirika, maana wamekuja kutoka mbali kuoga. Lakini mgeni haijui bahari ya mwenzake. Usipomwambia wewe, nani atamwambia?" Nalimsifu kwa maneno hayo, hata nikayaandika katika daftari. Lakini kuyaandika ni jambo moja, na kuyafanya ni jambo jingine.

Juma la tatu kikafika kikundi cha wanafunzi kumi na wanane na waalimu wawili. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima wa heshima, ambaye zamani alinisaidia sana katika taabu yangu. Kwa hiyo naliona haya mbele yake kama mtoto mbele ya baba mkwe. Jioni ya kwanza tuliketi motoni, nami nikasimulia vizuri kuliko siku zote. Nikasimulia vita vya mwaka 1914, na kijana mmoja mdogo, wa miaka kumi na mitatu, akauliza, "Mwalimu, mbona huyo nahodha hakuna aliyemwambia?" Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba simu za waya za siku zile hazikufika kila mahali. Kisha nikasimulia hatari za ziwa: jinsi Askofu Chauncy Maples alivyokufa maji tarehe 2 Septemba 1895, mashua yake ikipinduliwa na upepo, alipokuwa akirudi Likoma baada ya kufanywa askofu, na jinsi meli Vipya ilivyopinduka katika dhoruba tarehe 30 Julai 1946, wakafa watu zaidi ya 140. Vijana walinyamaza kimya, macho wazi. Nami nikaenda kulala nikiwa nimeridhika na ufundi wa ulimi wangu.

Asubuhi maji yalikuwa kama kioo. Mkubwa wa kikundi akaniita, akasema wamekubaliana na vijana wawili wenye mitumbwi, nao watavuka saa nne kwenda kuliona jiwe la Pomonda kwa karibu. Nikaenda kwa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu kivulini, nikamwuliza, "Baba, ziwa la leo likoje?"

Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwalimu, mitumbwi yetu iko wapi?"

Nikatazama. Mitumbwi ya wazee yote ilikuwa imevutwa juu mchangani, mbali na maji.

Akasema, "Mwera unakuja kabla ya adhuhuri. Watoto wasiingie."

Mwera ni upepo wa kusini. Katika miezi hii ya baridi huvuma siku tatu au nne bila kukoma, nao huweza kuanza ghafula baada ya asubuhi tulivu, ukainua mawimbi yenye miguu mifupi yasiyompa mwenye mtumbwi nafasi ya kupumua.

Basi nikarudi kwa yule mkubwa. Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye aibu yangu. Mzee alikuwa amesema, "Mwera unakuja. Watoto wasiingie." Mimi nalisema hivi: "Wavuvi wanasema huenda upepo ukaja baadaye." Lile neno "huenda" halikuwa la mzee. Lilikuwa langu. Naliliongeza kwa sababu ya haya, ili mtu mkubwa asione kwamba namwamuru. Naye akatazama maji yaliyotulia, akatabasamu, akasema, "Tutarudi upesi, Mwalimu. Jiwe lenyewe ni hapo tu." Nami nikanyamaza.

Wakaingia wanafunzi wanane na mwalimu mmoja katika mitumbwi miwili. Nalisimama mchangani nikawatazama. Walipofika karibu na kati ya njia, nikaona mstari mweusi juu ya maji upande wa kusini, kama mtu aliyepaka makaa. Nikajua. Nikapiga kelele, lakini upepo ulikuwa umekwisha kuirudisha sauti yangu kinywani mwangu. Mtumbwi wa kwanza ulipata kujificha nyuma ya jiwe. Wa pili ulipigwa ubavuni, ukapinduka.

Wavuvi hawakungoja kuitwa. Watu sita walisukuma mashua yenye injini majini, na yule mzee mwenyewe akaruka ndani akiwa ameshika kamba. Nami nikaingia maji mpaka kifuani, nisiweze kitu. Wakawatoa mmoja mmoja, na kila aliyetolewa nalihesabu. Mwalimu, kisha mwenye mtumbwi, kisha vijana watatu. Mmoja alikosekana, naye ni yule mdogo aliyeuliza swali motoni. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Kwangu ilikuwa siku nzima. Mzee akamwona chini ya mtumbwi uliopinduka, mkono wake umenaswa katika kamba. Wakamleta mchangani hana pumzi. Mwuguzi mmoja aliyekuwa likizoni kwao akapiga magoti, akaanza kumpulizia pumzi na kumgandamiza kifua, bila kuchoka, mpaka mtoto akatapika maji, akakohoa, akalia. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Wakampeleka hospitali kwa pikipiki, akalazwa siku mbili, akapona.

Upepo ulipotulia kidogo wale wa nyuma ya jiwe nao wakachukuliwa salama.

Jioni ile yule mkubwa wa kikundi alikuwa amekonda uso. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Tumpigie simu baba yake, tuseme aliteleza alipokuwa akioga ufukoni. Mambo yasikue." Nalimwonea huruma, maana hakuwa mtu mbaya, hofu ndiyo iliyosema. Tena naliona ya kuwa uongo huo ungenificha mimi kuliko yeye. Nikajibu, "Mzee wangu, asubuhi nalikuheshimu kwa kunyamaza, na karibu mtoto afe. Sasa sitakuheshimu namna ile." Nikaichukua simu, nikampigia baba wa mtoto, nikamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na lile neno "huenda".

Baba akafika kesho yake mchana. Ni mkulima wa kahawa kama mimi. Alimwona mwanawe kwanza, kisha akaja ufukoni, akaketi karibu nami, akalitazama jiwe muda mrefu. Akauliza, "Mwalimu, ulijua?"

Nikasema, "Nalijua."

Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Ningalisikia kwa mtu mwingine, nisingalikusalimu maisha yangu yote." Akaondoka kumshukuru yule mzee mvuvi, akampa jogoo aliyemleta kutoka mlimani. Mimi hakunipa mkono siku ile. Alinipa miezi miwili baadaye, sokoni Mbinga.

Usiku ule sikulala. Nalikuwa nimewasimulia watu habari ya nahodha ambaye habari haikumfikia, na watu wakacheka. Nalikuwa nimesimulia kifo cha Askofu katika ziwa lili hili. Lakini huyo Berndt hakuambiwa kwa sababu waya haukufika. Mimi habari ilinifikia kwa miguu yangu mwenyewe, kutoka kinywani mwa mtu anayejua, nami niliilainisha njiani mpaka ikapoteza nguvu. Kumbe mtu aweza kuwa hodari wa kusimulia hatari za zamani, naye akashindwa kuitaja ya leo.

Kesho yake nalitaka kurudi Maguu, nikaenda kumwaga yule mzee. Akaniuliza, "Wageni wengine wanakuja lini?" Nikasema, "Kesho kutwa." Akasema, "Basi nani atawaambia? Mimi ni mtu wa nyavu, hawatanisikia. Kaa uwaambie." Nikakaa.

Tangu siku hiyo naliibadili kazi yangu. Nalitafuta ubao, nikaandika juu yake kwa chaki kila asubuhi na kila jioni maneno ya wavuvi kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Ikiwa mitumbwi ya wazee imebaki mchangani, naliandika kwa herufi kubwa: LEO HAKUNA KUINGIA. Nalipita hema kwa hema, kama yule mama alivyonifundisha. Wengine walinung'unika. Bwana mmoja aliniambia kwamba amesafiri siku mbili na mimi namharibia likizo. Nikamletea kiti na chai, nikamwambia pole, lakini sikuondoa neno. Jioni mwera ulipokuwa ukirarua hema, alikuja mwenyewe kunisaidia kufunga kamba.

Kwa waalimu na wazazi wenzangu, haya ndiyo niliyojifunza pale, nayo nayaandika kwa ufupi:

Kwanza, msiulize ziwa kwa macho yenu. Waulizeni wavuvi wazee, tena tazameni mitumbwi yao iko wapi. Maji matulivu ya asubuhi si ahadi.

Pili, mtoto asiingie mtumbwini bila boya la kuvaa, hata kama ni mwendo mfupi, na hata kama anajua kuogelea. Kisicho mbali kwa macho chaweza kuwa mbali kwa mikono. Maboya yasipotosha, safari isiwepo.

Tatu, watoto wahesabiwe wakiingia majini na wakitoka, na mtu mmoja akae mchangani asiye na kazi nyingine ila kutazama.

Nne, msioge penye matete na maji yasiyokwenda, maana hapo hukaa konokono wa kichocho, wala karibu na midomo ya mito, maana mamba hupenda hapo. Mtoto akionekana akikojoa damu baada ya safari, apelekwe hospitali. Dawa ipo, nayo hutibu.

Tano, laleni ndani ya chandarua. Sisi wa milimani tumezoea mbu wachache, nasi husahau.

Sita, mkimkuta mwenyeji anayewakataza, msimwone mtu mkali. Mshukuruni.

Siku yangu ya mwisho wavuvi walinipa mfuko wa usipa waliokaushwa, na yule mzee akanisindikiza mpaka penye gari. Nikamwuliza, "Baba, na kesho likoje?" Akatazama kusini, akasema, "Kesho ni shwari. Mitumbwi itaingia." Nikaandika hivyo ubaoni kabla sijapanda, ili mgeni wa kesho aone.

Tuna mithali tunayoisema kila siku, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni mithali njema, maana mgeni huleta habari, na kicheko, na pengine chakula kizuri chunguni. Lakini ufukoni Liuli nalijifunza upande wake wa pili, kwamba mwenyeji naye ana deni la kumponya mgeni, na deni hilo hulipwa kwa neno lililonyoka, tena kwa wakati wake. Nyumba zetu zote hupokea wageni: mkwe, mwanafunzi wa shule, msafiri aliyechelewa usiku. Kila nyumba ina ziwa lake, yaani mto wenye mkondo, au mbwa mkali, au jirani mlevi, au njia yenye nyoka. Sisi tumeyazoea, mgeni hayajui. Tukimpa ugali na godoro, tukanyamaza juu ya hayo, tumemkaribisha nusu.

Mwaka huu, Mungu akipenda, nitashuka tena mwezi wa sita. Yule kijana mdogo, ambaye sasa ana miaka kumi na minne, ameomba kunifuata, na baba yake amekubali. Amesema atashika chaki.

Mimi nduguyenu, mwalimu wa dini, Maguu.